Huyu na Hiki

Fomu ina safu mbili.
Kushoto: chinchila, idadi.
Kulia: vichaka. Vingi, vichache, hakuna.
Eduvina Tapia analamba ncha ya penseli,
tabia ya bibi yake, ambaye hakujua kusoma
ila magunia aliyahesabu bila kukosea.

Mlima juu ya Illapel. Septemba, alfajiri.
Ukungu wa Pasifiki umekwama bondeni
na mvua, mwaka wa kumi huu, imesahau njia.

Huyu huhesabiwa mmoja mmoja, kama mtoto wa mtu.
Hiki hukadiriwa kwa jicho, kama deni la jirani.
Huyu ana picha mlangoni pa ofisi,
masikio ya mviringo, masharubu marefu kuliko haya yake.
Hiki huitwa karboniyo; jina lina makaa ndani,
na maua ni meupe, meupe,
hata mwaka mzuri ungedhani mlima umeanika shuka.

Babu Hermógenes alimjua huyu kwa bei.
Ngozi moja, unga wa wiki mbili.
Ngozi mia na ushei, koti la bibi mmoja ng'ambo
ambaye pengine hata baridi hakuisikia.
Bibi Zunilda alikijua hiki kwa joto:
kukikata, kukifukia, kukichoma polepole siku tatu,
kisha punda, kisha mgodi,
kisha shaba ya watu wengine.
Jioni, meza moja. Mume ananuka manyoya,
mke ananuka moshi.
Supu ya maharage inapita kati yao
na hakuna amwulizaye mwenzake.

Linganisha na linganua, angesema mwalimu.

Haya. Huyu ukimdaka ghafla anakuachia manyoya:
fumba la kijivu linabaki kiganjani, jepesi kama uongo,
mwenyewe keshazama mwambani.
Hiki nacho, jua likizidi, hujivua majani yote,
kikasimama fito tupu
mpita njia aseme, kimekufa hiki.
Wote wawili wanajua kutoa kidogo ili wasitolewe chote.
Wote wawili? Vyote viwili?
Hapo ulimi unajikwaa,
maana lugha imempa mnyama kiti cha mtu
na mti umebaki nje, mlangoni, na vyombo.

Ujanja ulifaa mpaka babu alipojifunza kushika mkia.
Ulifaa mpaka bibi alipokwenda na sururu, mizizini.

Redio inakwaruza. Ni Baltazar, kule kambini.
"Umeona wangapi?"
"Sijaona."
"Sifuri, basi."
"Nimesema sijaona. Yupo."
"Mama Eduvina, fomu haina safu ya yupo."

Mbele yake, karboniyo moja, kiunoni,
maua saba tu mwaka huu (ameyahesabu, hakuombwa).
Chini yake, kati ya mawe, vinyesi kama punje za mchele mweusi
na kishimo cha vumbi laini
ambamo mtu mdogo ameoga usiku, akajigeuza, akajigeuza.
Na kwenye kijiti, chini kabisa,
nywele za kijivu.
Hakuna aliyemdaka. Amepita tu, amejikwaruza,
kama mtu aingiapo kwake na kugusa mwimo wa mlango.

Eduvina anazichomoa. Haziuzwi tena,
lakini vidole vyake, vya ukoo ule, vinazipima uzito.
Anaona aibu. Anazirudisha pale pale, kijitini.

Jua linapanda. Nyuki mmoja, mchelewaji, anaingia ua la nne.

Kushoto anaacha wazi. Baltazar atanung'unika.
Kulia anakata vingi, anakata vichache,
anakata hakuna,
na pembeni, kwa mwandiko wa magunia,
anaandika kosa ambalo hatalisahihisha:

kichaka, mmoja.